Tangi Changa na Samaki wa Kwanza

Maji ya bahari yaliyotiwa katika tangi la kioo, bila kiumbe ndani yake, hukaa siku nyingi bila kubadilika sana. Lakini akishaingizwa samaki wa kwanza, maji yale yale huanza mageuzi ya wiki nne hadi sita ambayo macho hayayaoni, na ambayo ndiyo huamua kama samaki huyo ataishi au atakufa. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua, na amonia hiyo, ambayo ni muungano wa nitrojeni na hidrojeni, ni sumu kwa samaki mwenyewe. Baada ya siku kadhaa bakteria wa kundi moja huanza kuigeuza amonia kuwa nitriti, kisha bakteria wa kundi lingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia hata ikirundikana. Kipindi hicho huweza kuitwa kukomaa kwa tangi, na tangi ambalo halijakipitia ni tangi changa. Maelezo haya leo yamo katika vitabu vya wanaoanza ufugaji, hata yanaonekana mepesi mno. Lakini watu walifuga viumbe wa baharini nyuma ya vioo kwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya kuyatumia, ilhali elimu yenyewe ilikwisha kupatikana katika karne ya 19, na sehemu ya elimu hiyo ilitoka katika familia ile ile iliyotoa nadharia ya kwanza ya tangi la samaki.

Kufuga samaki wa baharini hakukuanza na kioo. Matajiri wa Roma ya kale walichimba mabwawa kwenye pwani ya Italia, wakayaunganisha na bahari kwa mifereji, na ndani yake wakafuga mikunga na samaki wengine wa mezani. Mabwawa hayo hayakulijua tatizo linalozungumziwa hapa, kwa kuwa maji yaliingia na kutoka, na uchafu wa samaki ulirudi baharini, ambako amonia ya kundi zima la samaki huzimuliwa mpaka isihesabike. Tatizo lilizaliwa siku mtu alipoyatenga maji na bahari yake.

Anayetajwa kwa kawaida kuwa wa kwanza kutumia matangi ya kioo kwa uchunguzi wa kisayansi ni Jeanne Villepreux-Power, mwanamke aliyezaliwa Juillac, Ufaransa, mwaka 1794, akafanya kazi ya ushonaji mjini Paris kabla ya kuolewa na mfanyabiashara Mwingereza na kuhamia Messina katika kisiwa cha Sicily. Mwaka 1832 alianza kumchunguza argonauta, mnyama wa jamaa ya pweza ambaye jike lake hubeba kombe jembamba kama karatasi, na kwa kuyavunja makombe hayo na kuwatazama wanyama wakiyaziba wenyewe, alithibitisha kwamba argonauta hujitengenezea kombe lake wala halinyang'anyi kwa kiumbe mwingine. Messina ni mji wa bandari na maji mapya yalikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, kwa hiyo matangi ya Villepreux-Power yalikuwa zaidi dirisha la kuitazama bahari kuliko bahari iliyofungiwa ndani.

Bahari iliyofungiwa ndani ilianza London, mji ulio mbali na maji safi ya chumvi. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster, alirudi kutoka Torquay, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza, akiwa na matumbawe hai, na kwa kuwa hakuweza kuagiza maji mapya kila siku, aliamuru maji yale yale yamiminwe kutoka chombo kimoja hadi kingine karibu na dirisha lililo wazi, ili yachukue hewa. Kazi hiyo ya nusu saa au zaidi kila siku ilifanywa na mtumishi wa nyumba, na si vibaya kukumbuka kwamba pampu ya kwanza ya akwaria ya baharini ilikuwa mikono ya mfanyakazi ambaye historia haikujali kumsifu. Baadaye Thynne aliongeza mwani ulioletwa kutoka pwani, naye aliamini, kama wote waliomfuata, kwamba mwani ulisaidia kwa kutoa oksijeni. Alilolifanya bila kujua huenda lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu mwani wa pwani hauji peke yake: huja na utando wa vijidudu visivyoonekana vilivyoshika majani yake na mawe uliyoyashikilia.

Nadharia ilitolewa na mwanakemia Robert Warington, aliyefanya kazi katika jumba la chama cha wauza dawa, mjini London. Mwaka 1849 aliweka samaki wa dhahabu wawili katika chombo cha maji baridi, akapanda mmea wa majini uitwao valisneria, na mwaka uliofuata akatangaza matokeo mbele ya wanakemia wenzake. Hoja yake ilikuwa kwamba samaki huvuta oksijeni na kutoa kaboni dioksidi, yaani hewa inayotoka viumbe wanapopumua, na mmea ukipata mwanga huichukua kaboni dioksidi hiyo na kurudisha oksijeni, hivyo kila mmoja humlisha mwenzake na maji hayahitaji kubadilishwa. Majani yaliyooza yalipoanza kuyachafua maji, Warington aliongeza konokono, nao wakala uozo ule na maji yakatakata. Kuanzia mwaka 1852 alijaribu mpango huo huo kwa maji ya bahari, akitumia mwani mahali pa valisneria. Ilikuwa nadharia nzuri, na uzuri wake ndio uliokuja kuleta hasara, kwa sababu ilionekana kujibu kila swali: mmea, samaki na konokono walitosheleza hesabu, wala hapakubaki nafasi ya kuuliza kama kulikuwa na mfanyakazi wa nne.

Wakati huo huo hali ya biashara ilikuwa tayari kuipokea nadharia hiyo. Kodi ya kioo ilikuwa imefutwa Uingereza mwaka 1845, reli ziliwafikisha watu wa mijini pwani kwa saa chache, na mwezi wa Mei 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la samaki ambamo umma ungeweza kuwatazama viumbe wa majini kwa kulipa kiingilio. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alichapisha kitabu kilichoeneza neno akwaria katika lugha nyingi za dunia, na pia akatoa kanuni ya kutengeneza maji ya bahari nyumbani kwa kuchanganya chumvi nne, ikiwamo ya mezani. Gosse alishauri kwamba maji hayo ya kutengenezwa yatangulie kupewa mwani kabla ya kupewa wanyama, ushauri uliokuwa sahihi kwa sababu ambayo si ile aliyoifikiria. Familia nyingi za tabaka la kati zilinunua matangi, zikaenda pwani kung'oa viumbe miambani, zikawajaza wote ndani siku moja, na kabla ya wiki kupita zikawa na chombo cha maji meupe kama ya kuoshea mchele, yenye harufu ya kuwaondoa wageni sebuleni. Miaka ya 1860 ilipokaribia kwisha, mtindo huo ulikuwa umefifia. Na mwanawe Gosse, Edmund, alikuja kuandika kwa majuto mwaka 1907 jinsi miamba ya pwani aliyoijua utotoni ilivyokwanguliwa na wakusanyaji waliochochewa na vitabu vya baba yake.

Ni lazima kueleza kwa nini bahari ilikuwa kali zaidi kwa wafugaji hao kuliko bwawa la samaki wa dhahabu. Amonia ikiwa majini huwa na sura mbili: amonia huru, ambayo hupenya kwa urahisi kwenye matamvua na ndiyo sumu hasa, na amoniamu, ambayo ni amonia iliyobeba chembe moja zaidi ya hidrojeni yenye chaji ya umeme, na ambayo haipenyi kwa urahisi hivyo. Uwiano wa sura hizo mbili hutegemea joto na pH, yaani kipimo cha tindikali na alkali ya maji. Maji yenye pH ya 7 katika joto la nyuzi 25 huwa na amonia huru isiyofikia asilimia 1 ya amonia yote. Lakini maji ya bahari huwa na pH ya 8.1 hadi 8.3, na hapo amonia huru hupanda mara kadhaa, kiasi kwamba uchafu ambao samaki wa maji baridi angeuvumilia humuua wa baharini. Zaidi ya hayo, maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi ya joto lile lile, na viumbe wa miambani, waliozoea mawimbi, hupungukiwa nayo mapema. Bahari ina huruma moja tu katika jambo hili, nayo ni kwamba kloridi iliyojaa ndani yake hushindana na nitriti kwenye matamvua, hivyo hatua ya pili ya mageuzi, ambayo huwaua samaki wengi wa maji baridi kwa kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, kwa samaki wa baharini huwa nyepesi zaidi.

Mtu wa karne ya 19 aliyekaribia kuutatua mkasa huo kwa vitendo alikuwa William Alford Lloyd, aliyekuwa na duka la vifaa vya akwaria mjini London, kisha akasimamia akwaria ya Hamburg iliyofunguliwa mwaka 1864 na ile ya Crystal Palace iliyofunguliwa mwaka 1871. Lloyd aliacha kuamini kwamba kila tangi liwe dunia inayojitosheleza. Alijenga chini ya sakafu hifadhi ya maji yenye giza, kubwa mara kadhaa kuliko matangi yote ya maonyesho yakijumlishwa, akayazungusha maji mchana na usiku kwa pampu, na akasisitiza kwamba maji ya bahari hayana haja ya kumwagwa, kwa kuwa kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyofaa. Watu waliozoea kwamba maji yaliyokaa huharibika waliliona jambo hilo kama kinyume cha akili. Lloyd alidhani kwamba giza lilizuia mwani wa kijani na kwamba mzunguko uliteketeza uchafu kwa oksijeni, na dhana zote mbili zilikuwa na ukweli. Lakini kuta za hifadhi yake, mabomba yake na mawe yake yalikuwa yamevaa utando wa bakteria wenye kufanya kazi iliyosifiwa kuwa ya giza. Anton Dohrn alipoanzisha kituo cha elimu ya viumbe wa baharini mjini Naples, ambacho akwaria yake ilifunguliwa kwa umma mwaka 1874, alichukua ushauri wa Lloyd, na hivyo busara isiyo na maelezo ikaenea kusini.

Maelezo yalikuja kutoka mahali pasipo na harufu ya bahari. Mwaka 1877 wanakemia wawili wa Kifaransa, Schloesing na Müntz, waliyapitisha maji taka polepole katika nguzo ya mchanga na chokaa ili kujua amonia iliyomo hugeukaje kuwa nitrati. Kwa siku 20 hivi amonia ilitoka chini kama ilivyoingia juu. Kisha nitrati ikaanza kuonekana, na muda si muda amonia yote ikageuka. Walipotia klorofomu, ambayo hulaza viumbe hai, mageuzi yalisimama, na yalirudi tena walipoongeza maji yaliyotumika kuosha udongo. Mfugaji wa leo akiisoma habari hiyo hutambua mara moja kwamba nguzo ile ya mchanga ilikuwa tangi changa lisilo na samaki, na kwamba zile siku 20 za mwanzo, ambazo hakuna kilichoonekana kutendeka, ndizo zile zilizokuwa zikiwaua viumbe wa sebuleni miaka ishirini kabla.

Aliyelifuata jambo hilo Uingereza alikuwa Robert Warington mwingine, mtoto wa yule wa valisneria, aliyezaliwa mwaka 1838 na kwa hiyo alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi baba yake alipoweka samaki wawili katika chombo chake. Mwana huyo aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, ambako swali lilikuwa mbolea ya shambani: amonia inayotiwa ardhini hupotelea wapi? Alithibitisha kazi ya Wafaransa, kisha akaonyesha kwamba mageuzi hufanyika kwa hatua mbili, kwanza amonia kuwa nitriti, baadaye nitriti kuwa nitrati, na kwamba hatua hizo ni kazi ya viumbe wawili tofauti. Kuwatenga na kuwaotesha peke yao hakuweza, kwa sababu desturi ya maabara za wakati huo ilikuwa kuotesha bakteria juu ya jelatini, na bakteria hao hawakubali kuota juu ya chakula hicho. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Zürich, aliwanyima kila chakula cha asili ya mimea na wanyama, akawaachia amonia na chumvi za madini tu, nao wakastawi; kwa njia hiyo akagundua pia kwamba kuna viumbe wanaojenga miili yao kwa kaboni dioksidi bila kuhitaji mwanga wa jua, wakipata nguvu kwa kuunguza amonia au nitriti.

Hivyo, kufikia mwaka 1890, baba na mwana wa ukoo mmoja walikuwa wameshika ncha mbili za kamba moja, na hakuna aliyezifunga pamoja. Si kwamba vipimo vilikosekana: Julius Nessler alikuwa amebuni tangu mwaka 1856 kimiminika kinachogeuka rangi ya manjano hadi hudhurungi panapokuwa na amonia, na Peter Griess, aliyekuwa mwanakemia wa kiwanda cha bia mjini Burton, alichapisha mwaka 1879 njia ya kutambua nitriti kwa rangi. Vipimo hivyo vilitumiwa kuchunguza maji ya visima na mito, kwa kuwa amonia ndani ya kisima ilionyesha kwamba choo kiko karibu, lakini akwaria ilikuwa pambo la sebuleni, na hakuna aliyefikiri kwamba pambo linahitaji kupimwa kama kisima kilichoshukiwa kuleta kipindupindu. Sababu nyingine, na pengine ndiyo nzito zaidi, ni kwamba nadharia ya mmea na samaki ilikuwa imekwisha kuingia katika vitabu vya shule, na nadharia inayofundishwa kwa watoto huwa ngumu kung'oka kuliko ile inayojadiliwa na wataalamu.

Nusu ya kwanza ya karne ya 20 ilipita kwa kuizunguka hoja badala ya kuijibu. Akwaria kubwa zilizojengwa mbali na bahari zililipia ujinga huo kwa fedha: Shedd ya Chicago, iliyofunguliwa mwaka 1930, ilisafirisha maji ya bahari yapatayo galoni milioni moja, karibu lita milioni nne, kwa treni kutoka Key West, Florida, mabehewa 20 ya matangi yakienda na kurudi mara nane. Mwaka 1949 James W. Atz wa Marekani aliandika makala ya kuishambulia moja kwa moja imani ya akwaria iliyo katika mizani, akieleza kwamba oksijeni nyingi ndani ya tangi huingia kupitia uso wa maji unaokutana na hewa, na kwamba mimea haina sehemu kubwa katika hesabu hiyo kama ilivyoaminiwa. Makala hiyo haikumtaja mfanyakazi wa nne kuwa ndiye mhimili, lakini ilimwondoa mmea kwenye kiti kilichokuwa si chake, na hilo lilihitajika kwanza. Katika miaka ya 1950 na 1960 watafiti wa Japani, miongoni mwao Saeki na Hirayama, walianza kukihesabu kichujio cha changarawe kama mashine yenye uwezo unaopimika: samaki wa uzito huu hutoa uchafu kiasi hiki, na changarawe za ukubwa huu, zikipitiwa na maji kwa kasi hii, huweza kuugeuza wote. Kwa mara ya kwanza swali halikuwa tena kama tangi litakomaa, bali litabeba samaki wangapi likishakomaa.

Kipindi hicho ndicho pia ndege zilipoifanya bahari ya tropiki kuwa bidhaa. Samaki wa matumbawe walianza kufika Ulaya na Amerika Kaskazini kwa saa badala ya wiki, na chumvi ya kutengenezwa, kama ile iliyouzwa kwa jina la Instant Ocean kuanzia miaka ya 1960, ilimwezesha mtu wa bara kuwa na maji ya bahari kwa kufungua mfuko. Maji hayo ya mfukoni yalikuwa safi kupita kiasi, kwani hayakuwa na kiumbe hata kimoja ndani yake, na hivyo tangi la namna hiyo lilikuwa changa kuliko matangi yote yaliyolitangulia. Ndipo ikazuka desturi ya kuanza na samaki wagumu wa jamii ya Pomacentridae, wale wadogo wenye mistari au madoa wanaoonekana kwa makundi juu ya matumbawe ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, ambao wafanyabiashara waliwauza kwa bei nafuu wakieleza wazi kwamba kazi yao ni kutoa amonia ya kuwalisha bakteria. Waliovuka wiki zile sita walikuja kuwa kero, maana ni samaki wenye ukorofi wa kulinda makao, na aliyenusurika huwafukuza wageni wenye thamani walioletwa baada yake. Waliokufa walitupwa, na nafasi yao ikachukuliwa na wengine. Ni vigumu kuiita desturi hiyo kwa jina lingine zaidi ya kafara.

Pwani ya Afrika Mashariki inaingia katika historia hii hapo, si kwa maabara bali kwa samaki wenyewe. Kwa miongo kadhaa wazamiaji wa Kenya, katika maeneo kama Shimoni na Kilifi, wamekuwa wakiwakamata samaki wa mapambo kwa nyavu ndogo za mkono, na kuwakabidhi kwa wauzaji wanaowasafirisha kwa ndege. Wafungaji wa mizigo hiyo huujua mzunguko wa amonia kwa njia yao: samaki hunyimwa chakula siku moja au mbili kabla ya safari ili asiyachafue maji ya mfuko, na mfuko hujazwa oksijeni juu ya maji machache. Ndani ya mfuko uliofungwa, pumzi ya samaki hurundika kaboni dioksidi, pH hushuka, na amonia inayoongezeka hubaki katika sura ya amoniamu isiyo kali. Lakini mfuko ukifunguliwa mwisho wa safari, kaboni dioksidi hutoroka, pH hupanda kwa dakika chache, na amonia iliyokuwa imelala huamka kama sumu. Mpokeaji asiyejua jambo hilo, anayeacha mfuko wazi huku akiongeza maji ya tangi tone kwa tone kwa nia ya kumzoesha samaki polepole, huweza kumdhuru kwa wema wake; na samaki huyo akitoka hapo huingia katika tangi changa, ambako amonia humngoja kwa mara ya pili.

Kitabu cha Stephen Spotte kuhusu usimamizi wa maji katika mifumo iliyofungwa, kilichotoka mwaka 1970, ndicho kilichowawekea wafugaji mezani kwa utaratibu yale yaliyokuwa yametawanyika katika majarida ya kilimo, maji taka na ufugaji wa Kijapani. Vipimo vya Nessler na Griess, vikiwa vimerahisishwa kuwa chupa za matone na kadi za rangi, vilifuata madukani, na ugonjwa wa tangi jipya ukawa na mstari wa kuchora: amonia hupanda na kufika kileleni katika wiki ya pili hivi, nitriti hupanda inaposhuka amonia, nitrati hupanda mwisho na haishuki yenyewe. Mageuzi hayo hula pia alkali ya maji, na ndiyo sababu mchanga wa matumbawe, ambao huyeyuka kidogo kidogo na kuirudisha, umependwa kuliko mchanga wa mtoni.

Hata hivyo mtu mmoja alikuwa ameshafika mbali bila mstari huo. Lee Chin Eng wa Indonesia alieleza mwaka 1961 namna anavyofuga samaki na matumbawe kwa kutumia mawe hai, yaani vipande vya mwamba wa matumbawe vilivyotolewa baharini pamoja na viumbe waliovikalia, akiongeza tu mapovu ya hewa. Mawe hayo yalikuwa na bakteria wa kila hatua, hata wale wa tabaka za ndani zisizo na oksijeni, ambao huichukua nitrati na kuigeuza kuwa nitrojeni ya hewani, kazi ambayo kichujio cha changarawe hakiiwezi. Kwa wengi wa wakati wake njia hiyo ilionekana kama bahati ya mtu anayeishi karibu na bahari ya joto, na miaka ilipita kabla wafugaji wa Ulaya, wakiunganisha mawe hai na chombo cha kuengua povu linalobeba uchafu, hawajaifanya kuwa njia kuu. Kanuni yake inajulikana jikoni: anayebakiza donge la unga uliochachuka jana ili lichachushe la leo hangoji hamira ijizae. Mfugaji anayeazima konzi ya changarawe kutoka tangi kuukuu hufanya hivyo hivyo, na tangu kuenea kwa desturi ya kumimina amonia ya chupa katika tangi tupu, kafara ya samaki wa kwanza imekosa udhuru.

Majina ya wafanyakazi wenyewe yamebadilika kuliko vitabu vya wafugaji vinavyokiri. Kwa karibu karne moja iliandikwa kwamba Nitrosomonas hula amonia na Nitrobacter hula nitriti, majina yaliyotokana na kazi ya Winogradsky ya udongo. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha, kwa kusoma chembe za urithi badala ya kuotesha, kwamba katika matangi waliyoyachunguza nitriti haikuliwa na Nitrobacter bali na jamaa za Nitrospira. Kisha mwaka 2005 kundi la watafiti lilitangaza kwamba limeotesha kiumbe mwenye kula amonia ambaye si bakteria kabisa, bali ni wa arkea, tawi la uhai lenye chembe ndogo kama za bakteria lakini ukoo wake ukiwa mbali nao. Walimpa jina Nitrosopumilus maritimus. Jamaa zake ni miongoni mwa viumbe walio wengi kuliko wote katika bahari za dunia, na vipimo vya mwaka 2009 vilionyesha kwamba huendelea kula amonia hata inapokuwa adimu kiasi cha kuwaacha bakteria wa Winogradsky na njaa. Walikuwa wametafutwa baharini kwa muda, wakijulikana kwa alama zao za urithi tu. Aliyekubali kuoteshwa alipatikana katika changarawe za tangi la maji ya chumvi la akwaria ya umma ya Seattle.